Ndizi za Rakan na Chupa za Deus

Saa sita na dakika kumi mchana, Marietha alikuwa akimenya ndizi mbichi ndani ya bakuli la maji ili utomvu usimshike mikono. Ndizi tatu, kipande cha samaki kisicho na mwiba, nusu karoti. Chumvi hapana, daktari alikataza. Ndizi zilitoka duka la Waganda kule Al Nahda, na madam Amna aliziagiza mwenyewe baada ya kusoma kwenye simu, wiki nzima, ubishi wa akina mama kuhusu chakula cha mtoto: cha kupika nyumbani au cha chupa za dukani. Wiki hiyo upande wa kupika ulishinda. Marietha hakuulizwa, ingawa mwiko ungeshikwa na yeye.

Nyumba aliyofanyia kazi ilikuwa Al Twar, nchi ya Waarabu, na mtoto wa madam aliitwa Rakan, miezi minane. Marietha alikuwa na wake pia, Deus, miezi tisa, aliyemwacha kwa bibi yake kule Muleba akiwa na miezi minne tu. Ofisi iliyomleta ilipendelea wanawake waliojifungua karibuni. Walisema mikono yao bado imezoea.

Rakan alikula bakuli zima, akafutwa mdomo, kisha akalia kwa njaa. Dakika hiyohiyo kule Muleba, Deus, aliyekuwa amelala mgongoni kwa bibi yake, alicheua ndizi.

Bibi alipiga simu jioni. Hakuwa na wasiwasi, alikuwa anatoa taarifa.

"Mwanangu, huyu mtoto leo kakataa uji. Anacheua ndizi na samaki. Samaki mwenyewe simjui, si sangara."

"Ni hamuri, Mama. Samaki wa baharini wa huku."

"Haya. Kesho mwongezee karoti, macho yake hayajakaa sawa."

Hapo Marietha akaelewa kwa nini tangu afike alikuwa ananenepa, hadi sare ikambana kifuani, wakati chakula chake kilikuwa wali wa jana anaoula kwa kusimama. Uji wa bibi ulikuwa ukipita mdomoni mwa mjukuu na kuja kukaa tumboni mwa binti. Chakula cha kupika kilimfuata mtoto wa mpishi. Alikasirika kidogo kwamba hakuna aliyemwambia hilo uwanja wa ndege, halafu akaosha vyombo.

Miezi miwili iliyofuata alipika kama hajawahi kupika. Alisaga karanga hadi zikatoa mafuta, akachuja maharage kwa kitambaa, akaponda parachichi. Hakuwa mkatili. Alimpa Rakan maziwa ya kopo kwa wingi, maana hayo yalibaki tumboni mwake vizuri, akambeba na kumwimbia hadi asahau. Lakini kila kijiko alichompa, moyo wake ulikuwa Muleba. Siku nesi wa zahanati alipochora nukta ya Deus ndani ya kijani kwenye kadi ya kliniki, bibi alituma picha. Marietha alijifungia bafuni na simu, akalia kwa furaha huku maji yakimwagika ili asisikike.

Kosa lake lilikuwa la mama yeyote: alitaka kuona. Akaegemeza simu kwenye maikrowevu, bibi akamshikilia Deus mbele ya kioo, na madam akarudi mapema kutoka kazini. Alisimama mlangoni na mkoba begani. Akaona mwanawe akimeza na mtoto wa kwenye simu akishiba. Akahesabu vijiko vitatu.

"Tangu lini?"

"Mwezi wa pili huu, madam."

"Mimi nilidhani ana minyoo," alisema madam, akaketi na kuipigia ofisi.

Aliyepokea alikuwa Harrison, Mkenya, mtu wa sauti laini. Alisema hayo hutokea, hasa kwa hawa wenye watoto wachanga, na dawa yake ni chupa. Cha kupika huenda kwa mtoto wa aliyepika, cha kununua huenda kwa mtoto wa aliyenunua, na kiwanda hakina mtoto. Kisha akaomba kuongea na Marietha.

"Pole dada. Mimi naelewa, kwanza niko na wangu wawili Kakamega. Lakini contract inasema unalisha mtoto wa hapo, sio wa huko. Sawa?"

"Sawa, kaka."

"Khalas," alisema madam, na ndizi zilizobaki zikatupwa.

Madam Amna hakuwa mtu mbaya. Marietha angefurahi kama angekuwa mbaya, apate pa kuelekeza hasira. Wiki sita baadaye, Deus alipotoka kwenye kijani, madam alimkuta akilia juu ya sinki, akamuuliza, akasikiliza hadi mwisho. Kesho yake lilifika boksi la chupa arobaini na nane: tufaha, malenge, kuku na mchele. "Mtumie mwanao," alisema. "Ni zawadi." Marietha alimbusu mkono. Alidhani zawadi ikishatolewa imetolewa.

Boksi lilichukua mwezi mzima kufika Muleba. Bibi alifungua chupa ya tufaha, na Deus, aliyekuwa akigeuza shingo kila akiona uji, alifungua mdomo kabla kijiko hakijafika. Alikula chupa nzima. Akalamba kifuniko. Na kule Al Twar, saa saba mchana, Rakan alisukuma mkono wa Marietha, akacheua tufaha, akalala palepale kwenye kiti chake.

Madam alipita. "Amekula?"

"Amekula kule, madam."

Madam alimtazama mwanawe. Nguo ilikuwa safi, sakafu safi, usingizi mzito. Akauliza kule zimebaki chupa ngapi. Jioni akaagiza maboksi mawili zaidi, na tangu hapo kila mwezi, yakienda kwa ndege. Lilikuwa jambo la manufaa. Rakan alishiba kwenye gari, alishiba kwa daktari, alishiba amekaa mapajani kwa bibi yake wa Sharjah bila kuchafua zulia la mtu. Rafiki wawili wa madam waliomba namba ya Harrison.

"Mama, usimpe tena zile chupa," Marietha alisema kwenye simu.

"Nimpe nini? Uji anautema. Zile anazililia. Anamaliza tatu kwa siku, mwanangu, na mbavu unazihesabu."

"Zifiche."

"Nimfiche mtoto chakula?"

"Zifiche, Mama, nakuomba."

Bibi akazificha darini, usiku huo wote hakulala vizuri. Kesho yake saa saba ikafika, ikapita. Rakan alianza kulia. Marietha akamfungulia chupa ya malenge, lakini kwa miezi mitatu mdomo wake haukuwa na kazi na ulikuwa umeisahau. Akaitema. Akalia hadi midomo ikatetemeka, akamng'ang'ania Marietha shingoni kwa mikono yote miwili. Alikuwa amelelewa na mikono hiyo. Marietha alijua jino lake lililokuwa likichomoza. Meno ya Deus aliambiwa tu kwenye simu.

Madam alitoka chumbani akiwa na kikao kwenye kompyuta, kidole kikiwa kwenye kitufe cha kuzima sauti. "Marietha, saa saba na robo. Mpigie mama yako, inawezekana wamesahau. Yalla, tafadhali, anateseka."

Marietha alipiga, Rakan akiwa kiunoni. Bibi alipokea, na nyuma yake Deus alikuwa akilia pia, kilio kilekile, akitazama juu darini.

"Nasikia wako wawili," bibi alisema. "Unasemaje?"

Machozi ya Rakan yalikuwa yanamshukia Marietha ndani ya sare.

"Mpe," alisema.

Kule kwa bibi ngazi ya darini ililia, kifuniko kikafunguka. Rakan akatulia taratibu, akaweka kichwa begani. Madam akasema shukran, akarudi kwenye kikao chake. Kule Muleba, Deus alimaliza chupa ya kuku na mchele, akalamba kijiko, akafungua mdomo tena.