Maji ya Kukanda Miguu

Tangu Gracia akanyage uani kwa Papa Lambert, mtaani Mangobo, na kale kamashine kake, mzee hakumwamini. Binti alitoka kliniki, kazi yake kutibu viungo bila vidonge. Alimbandika nyaya mbili kwenye shavu la mguu, nyama ikachezacheza, kisha akasema: "Papa, kila asubuhi tembea nusu saa. Simama juu ya vidole mara kumi. Na maji ya moto, hapana. Ukiungua, kidonda kitaoza, watakata mguu."

Hapo shaka ikazidi. Lambert alikuwa ameendesha toleka miaka ishirini, akipakia watu kwenye baiskeli mpaka Bengamisa, na kila jioni maji ya moto yenye chumvi ndiyo yaliyomrudishia miguu. Sasa sukari imemwingia, nyayo zinawaka kutwa kama amekanyaga pilipili, na huyu mtoto anamkataza dawa yenyewe?

"Hataki nipone," alimwambia mkewe, Augustine. "Anatafuta miguu ya kuandikia travail yake ya université, ile kazi ya kumalizia masomo. Nikipona, ataandika nini?"

"Papa Vicky, acha maneno," Augustine alisema, akimwita kwa jina la mtoto wao. " Juzi si ulitembea mpaka sokoni bila kulia?"

"Ah bon, kumbe! Na wewe, huyo binti alikupatia nini?"

Augustine akacheka. Hata kicheko hicho Lambert alikipima.

Jumamosi miguu ilimwaka mpaka akakataa kula. Akadai maji ya kukanda. Augustine alibisha, akachoka, mwisho akaleta beseni. Lambert akatumbukiza mguu wa kulia. Hakusikia joto lolote.

"Mama Vicky, unanichezea. Maji hii iko baridi."

"Iko moto, Papa!"

"Ni Gracia alikutuma!"

Akainyakua birika iliyokuwa ikichemka kwenye makaa, akamimina mwenyewe. Mvuke ukampanda usoni. Mguu kimya. Mke akapiga kelele, na kelele hizo Lambert akaziona za maigizo. Alors, basi, amkamate mkewe kwenye uongo wake: akaingiza mkono.

Aliuchomoa akipiga yowe. Vidole vilikuwa vyekundu. Akatazama chini: mguu wake ulikuwa bado umetulia ndani ya maji yale yale, kama wa mtu mwingine.

Augustine akapindua beseni, akaanza kummwagia maji ya mtungi, polepole, bila kukoma. Akainama kutazama.

"Kuko malengelenge?" Lambert aliuliza.

"Sioni kitu."

"Angalia chini ya vidole."

"Sioni, Papa Vicky."

"Usiniambie. Leta kioo."

Lambert akakishika kioo chini ya unyayo. Kando ya kidole kidogo ngozi ilikuwa imeinuka, nyeupe, upana wa punje ya mahindi. Wala haikuuma.

"Mwite yule binti," akasema. "Mwambie aje sasa hivi. Mwambie ni mimi niliyemimina."