Ndoo ya Kutemea

Katika chumba cha kuonjea divai, kazi ya Sisimizi ilikuwa kumimina, kuosha na kunyamaza. Jina hilo alipewa na shangazi yake, kwa kuwa alikuwa mdogo wa umbo, hatulii, na hata ukimkanyaga hasemi. Shangazi ndiye aliyemlea baada ya wazazi kufariki, na ndiye aliyemwombea kazi pale alipoacha shule ya msingi katikati. Yeye mwenyewe alikuwa mwonjaji wa kampuni. Divai zote zilizoingia ghalani zilipita kwanza mdomoni mwake, na aliyoyasema ndiyo yaliyoandikwa kwenye vikadi vilivyofungwa shingoni mwa chupa.

Alikuwa na maneno, mama huyo. Wengine wakionja husema tamu, chachu, kali, basi. Yeye aliinua glasi mbele ya kitambaa cheupe, akaitazama rangi, akaizungusha, akaizamishia pua, kisha akapiga funda dogo na kulizungusha mdomoni kama mtu anayesukutua. Akishatema ndipo anaposema. Divai moja nyeupe aliisemea kwamba inaingia bila kubisha hodi, ina limau mkononi, na inaaga kabla hujaivutia kiti. Nyekundu moja nzito alisema inanuka mkoba mpya wa ngozi na majani ya chai yaliyosahaulika birikani, tena ina hasira za ujana, iachwe ilale ghalani mpaka ipate adabu. Watu walicheka, lakini baadaye wakinywa walikuta hayo hayo.

Kutema ilikuwa sheria. Kila mwonjaji alikuwa na ndoo yake ndogo ya bati kando ya kiti. Siku za mwanzo Sisimizi alishangaa kuona vitu vizuri namna ile vinatemwa, akauliza kwa sauti ya chini kama divai hizo hazimezwi.

"Nikizimeza zote hizi, mwanangu," Shangazi alimjibu, "jioni nani atakushika mkono akupeleke nyumbani?"

Kisha ikaja ile homa. Shangazi alilala kitandani siku nyingi, akaamka amekonda, akarudi kazini. Mwanzoni hapakuwa na neno. Ila Sisimizi, ambaye ndiye aliyemwaga ndoo, alianza kuona ya Shangazi ni nyepesi. Siku nyingine ilifika nusu. Baadaye ikawa imelowa chini tu, kama chombo kilichosuuzwa. Akajidanganya kwamba labda siku hizi wanaonja chache. Akazitazama chupa mezani, zilikuwa zilezile.

Bosi naye alikuwa na tabia yake. Kuonja kukiisha, alipita mezani akiinua ndoo moja moja kwa kidole, kama mtu anayepima tikiti sokoni, bila kusema kitu. Anayemeza hakuwa na kazi pale. Mmoja alikwisha kufukuzwa hivyo. Basi siku moja, kabla Bosi hajafika, Sisimizi alikusanya mabaki ya glasi, akayachanganya na maji, akaijaza ndoo ya Shangazi mpaka kiasi chake cha zamani. Alikusudia iwe siku ile tu. Ikawa kazi ya kila siku.

Nyumbani hawakulizungumza. Utamwambiaje shangazi yako, aliyekuogesha, kwamba unajua analewa kazini? Kila jioni, njiani, Sisimizi aliyapanga maneno, akayageuza, akayapunguza makali. Wakifika mlangoni yameshamwishia. Shangazi alitembea polepole sana siku hizo, karibu na ukuta, mara anasimama kama anayesubiri kitu. Sisimizi alidhani ni ulevi.

Shangazi akaanza kulala na viatu. Asubuhi mikono ilimtetemeka, naye hutania kwamba ni baridi, hata kama jua linachoma. Lakini kilichomuumiza Sisimizi zaidi kilikuwa vile vikadi, maana vilianza kufanana. Hii ni laini, imeiva, ina cheri. Na hii nayo ni laini, imeiva, ina cheri. Dereva wa gari la mizigo, mtu wa mizaha, alimwuliza kama siku hizi kampuni inauza divai au inauza cheri. Alicheka peke yake.

Ndipo akaja mwenye hoteli, mama mmoja mnunuzi mkubwa, kuchagua divai nyekundu za msimu. Bosi alivaa koti, akakaa mezani tangu mwanzo. Sisimizi alizibua chupa, akamimina, na harufu ikampiga kabla hajaiweka chini: boksi lililoloa mvua, tambara la deki lililosahauliwa kwenye kona. Kizibo kilikuwa kibovu na divai imeharibika. Hilo halihitaji ujuzi, ni jambo la mtu yeyote mwenye pua. Hutokea, na dawa yake ni rahisi. Mwonjaji ananusa, anakunja uso, inaletwa chupa nyingine, na mazungumzo yanaendelea.

Shangazi alinusa, hakukunja uso. Alizamisha pua tena, ndani zaidi, macho ameyafumba, kama mtu anayemwita aliye mbali. Sisimizi alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake. Ilitosha kuinama na kumnong'oneza. Akainama hata akaziona mvi shingoni mwa Shangazi, akafungua mdomo. Kisha akanyooka tena. Shangazi akapiga funda, akameza.

"Laini," alisema. "Imeiva. Ina cheri."

Mwenye hoteli alionja, akatema upesi, akacheka, akidhani anataniwa. Alipoona hakuna anayecheka naye, akaisogeza glasi pembeni. Bosi akanusa ya kwake. Hakupaza sauti. Aliizunguka meza, akainua ndoo ya Shangazi kwa kidole, kisha akaipindua juu ya kitambaa cheupe. Halikudondoka tone.

"Nenda nyumbani, mama," alisema. "Usirudi."

Sisimizi aliweka chupa chini, akamshika shangazi yake mkono. Ilikuwa mchana, watu wanatoka kazini kwenda kula, na baadhi waligeuka kuwatazama. Kwenye kona Shangazi aliomba wakae kidogo, wakakaa kwenye ngazi za duka lililofungwa.

"Ilikuwa na nini?"

"Kizibo, shangazi. Inanuka tambara la deki."

Shangazi aliitikia kwa kichwa. Akaeleza, macho yakiwa barabarani, kwamba tangu ile homa pua yake haikurudi. Kila kitu ni maji ya uvuguvugu. Alianza kumeza akitafuta, labda ladha ilijificha huko chini. Haikuwepo, ila kumeza nako hakukumwacha. Maneno alikuwa akiyachota kwenye kumbukumbu, nayo yakakauka.

"Ndoo ulikuwa unaijaza wewe," alisema.

"Ndiyo, shangazi."

"Niliona tangu siku ya kwanza. Nikasema, mtoto amejua, leo njiani ataniuliza. Ungeniuliza ningekwambia. Nikawa natembea polepole, nakungoja."

Gari likapita, likafuatiwa na jingine. Wakainuka.

Nyumbani alimkalisha kitandani, akamvua viatu, akamletea maji. Shangazi aliinua glasi kwenye mwanga wa dirisha, akaizungusha, akainusa, akapiga funda na kulizungusha mdomoni. Sisimizi akajikuta anatafuta kwa macho kitu cha kutemea. Shangazi akameza.

"Yana nini, shangazi?" Lilikuwa swali lake la kwanza tangu homa.

Shangazi aliinamisha kichwa upande, kama zamani.

"Hayana kitu," alisema.

Akaingiza mkono chini ya kitanda, akatoa chupa. Vidole vikashindwa kukitoa kizibo, akamnyooshea. Sisimizi alisimama nayo mkononi mpaka mkono ukachoka. Shangazi alishika tu ile glasi, ameinyoosha mbele.

Sisimizi akazibua, akamimina.