Dawa ya Ndugu

Chumba chetu cha dawa za mionzi kina sheria moja isiyoandikwa: dawa ya ndugu yako huiandai wewe. Siku kitinda mimba wetu alipoletwa kupigwa picha ya mifupa, niliivunja bila kupepesa macho. Kesho yake madaktari wangemkata mguu, ikiwa tu saratani ya mfupa aliyokuwa nayo haijasambaa, na picha ndiyo ingesema. Nimwachie nani? Mwenzangu Kobe, anayefungua hata mlango kwa awamu?

Nikaandaa mwenyewe, nyuma ya kioo chenye madini ya risasi, kinachozuia mionzi. Kisha, ili kuipima, nikadondosha tone lake kwenye ukanda wa karatasi na kuusimamisha kwenye kimiminika. Kimiminika kikipanda, mionzi isiyoshikamana na dawa hupanda nacho. Iliyoshikamana hubaki chini. Nikaukata ukanda katikati, nikaweka nusu ya juu kwenye kipimo kinacholia kikinasa mionzi. Kilitakiwa kiwe karibu kimya.

Kikalia kama kuku aliyekanyagwa.

Nikarudia. Vilevile. Kosa nililijua: mikono ilitetemeka, nikaingiza hewa kwenye kichupa, dawa ikaharibika.

Simu ikaita. "Mgonjwa yuko tayari," daktari akasema. "Mbona hamleti dawa?"

Ningeweza kuipeleka. Nani angejua? Lakini mionzi ile ingekimbilia shingoni na tumboni, mifupa isionekane vizuri, na kesho wangekata au kuacha kwa kubahatisha.

"Imeharibika," nikasema. "Nipe muda."

Mionzi iliyobaki ilitosha kichupa kimoja tu. Nikavua glavu.

"Kobe, nisaidie. Ni mdogo wangu."

"Najua. Tangu asubuhi nakungoja useme."

Akaanza, polepole kama kawaida yake. Nilitamani kumsukuma, nikauma ulimi. Alipoweka nusu ya juu kwenye kipimo, nikafumba macho. Kimya. Kikalia mara moja, kisha kimya tena.

Tulimkuta mdogo wangu kitandani, amekunja mkono wa shati.

"Dada, umeitengeneza wewe?"

"Hapana. Yangu niliiharibu. Hii ni ya Kobe."

"Yule unayemcheka kila siku nyumbani?"

Kobe akainua uso. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Ndiye huyu."

Mdogo wangu akacheka, akanyoosha mkono. "Haya, basi nichome wewe. Kuchoma hujashindwa."

Nikaitazama mikono yangu. Bado ilikuwa inatetemeka. Nikampa Kobe sindano.