Mtazama Midomo

Nilipovuta kiti tu, Bibi akanyanyua sahani yake na kwenda jikoni. Hakukunja uso. Alijivuta taratibu, mkono mmoja ukishika ukuta, na punde nikasikia kijiko kikigonga sahani upande wa pili. Mama mwenye nyumba alinipakulia wali bila kunitazama.

"Kula, mwanangu," akasema. "Kinapoa."

Nikala. Nilikuwa nimechoka mno hata nisiweze kuuliza, na baada ya wiki kumi na moja za kuonyeshwa mgongo, swali lenyewe lilikuwa limeshachacha.

Nilikuwa nimevuka mpaka kwenda kujifunza kutengeneza meno ya bandia. Chuo hakikuwa na bweni. Kiliwagawa wanafunzi kwenye nyumba za watu, nami nikaangukia kwa mshonaji wa sare za shule aliyeishi na mama yake mzazi, ndiye Bibi. Siku niliyofika, mshonaji alinipokea begi mlangoni akasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Nikampenda papo hapo, na kumwita Mama hakukunipa shida. Chumba nilichopewa ndicho alichokuwa akiwekea vitambaa, na kila asubuhi niliamka na nyuzi za bluu kichwani.

Karakana ilitukamua. Saa kumi kwa siku tulisimama tukichanganya plasta, tukiyeyusha nta, tukisugua fizi za plastiki kwa msasa hadi ziteleze. Vumbi jeupe liliingia puani, masikioni, mpaka kwenye chai. Nilirudi nyumbani miguu imevimba, nikitamani kitu kimoja tu: kuketi mezani na watu, hata kama hatuzungumzi. Meza ilikuwapo. Ila kila nilipoikaribia, mkubwa wa nyumba aliihama.

Jumatatu ya wiki ya kumi na mbili Mama alisimamisha cherehani yake akaniita. Fomu ya chuo ilikuwa mapajani mwake. Bila sahihi ya mwenyeji kufikia Ijumaa, mwanafunzi alirudishwa kwao. Nyumba nyingine haikuwapo, na nafasi yangu ilikuwa na watu wanaoingojea.

"Sikufukuzi," alisema. "Lakini mama yangu anakonda. Tangu uje anakula amesimama, tena robo sahani. Nimemuuliza mpaka nimechoka. Anasema hana njaa. Mimi nina mama mmoja tu, mwanangu."

"Nimemkosea nini?"

"Ningejua, ningekwambia zamani." Akaikunja fomu, akaiweka chini ya mkasi.

Sasa nina karakana yangu mwenyewe, na mgongo unaoniuma kabla ya mvua. Wazee huja, huketi kwenye kiti changu, na wengi wao huziba mdomo kwa kiganja kabla sijasema neno. Kiganja hicho hunirudisha kila mara kwenye Jumatano ya wiki ile.

Umeme ulikatika karakanani, tukaruhusiwa saa saba mchana. Nyumba ilikuwa kimya. Mama alikuwa amepeleka sare kwa wateja. Nilikusudia kufika chumbani lakini miguu ilikataa, nikaketi mezani na kulaza kichwa juu ya mikono yangu. Usingizi haukuja. Kuna uchovu mwingine hata usingizi unauogopa.

Nikasikia ndala za Bibi. Zikasimama, zikasubiri. Kisha kiti cha mbele yangu kikavutwa polepole, na kitu kigumu kikawekwa juu ya meza: ka.

Sauti ile niliisikia mara mia kwa siku. Ni sauti ya meno yakitua juu ya mbao.

Ndipo nikaelewa, na aibu ikanipanda mpaka masikioni. Siku ya kwanza ya masomo mwalimu wetu alituambia tutazame watu wanavyotafuna, kwamba meza ndiyo darasa. Nami, mwanafunzi mtiifu, jioni ile ile nilikaa mbele ya Bibi nikamkodolea macho tayani. Nilihesabu. Niliona meno ya chini yakiinuka upande wa kushoto kila alipomeza, nikafurahi moyoni kwamba nimeona. Macho yake sikuyatazama hata mara moja.

Sikuinua kichwa. Sikuwa na kitu kingine cha kumpa. Alikula taratibu kwa ufizi, akapumzika, akajiongezea tena kutoka kwenye sufuria. Mkono wangu wa chini ulikufa ganzi, nikauacha ufe.

"Najua hujalala," Bibi akasema mwishowe. "Mtu aliyelala hapumui kwa adabu hivyo."

Nilibaki vile vile nilivyoinama. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mbona huinui kichwa?"

"Nangoja umalize kula."

Nikasikia meno yakiondoka mezani na kurudi mahali pake.

"Siku ile ulinihesabu kama mbuzi wa mnadani," akasema. "Nikajiambia, huyu Mtazama Midomo hanioni nikitafuna tena."

"Nilifundishwa kutazama, Bibi. Sikufundishwa wakati wa kuacha. Nisamehe."

Alibeba sahani yake akaenda zake. Alhamisi hakutoka kabisa chumbani wakati wa chakula. Nilimsikia Mama akigonga mlango wake, akiingia, wakizungumza kwa sauti ya chini. Nikaanza kukunja nguo zangu.

Ijumaa asubuhi nilitoka na begi mkononi. Mama alikuwa ameinamia cherehani, lakini mguu wake haukukanyaga. Bibi alikuwa ameketi mezani, kwenye kiti kinachotazamana na changu, hana hata jino moja mdomoni, na viganja vyake vyote viwili vimetulia juu ya meza. Mbele yake palikuwa na fomu yenye sahihi ya Mama. Juu ya fomu palikuwa na kikombe cha bati, na ndani ya kikombe, kwenye maji, meno yake.

"Mgeni siku mbili," alisema, maneno yakimponyoka kwa kukosa meno. "Wewe tumekucheleweshea jembe. Ni huku chini, kushoto. Yananikata. Na uyarudishe leo hii, binti yangu amenunua nyama."

"Jioni yatakuwa tayari, Bibi."

"Haya. Lirudishe begi kwanza."

Nikalirudisha begi chumbani. Nikakichukua kikombe kwa mikono miwili, nikatembea nacho njia nzima, hatua kwa hatua, kama mtu aliyebeba uji wa moto. Mwalimu aliponyoosha mkono mlangoni kudai fomu, ndipo nilipokumbuka kwamba nimeiacha mezani.