Foleni ya Mawe

Mume wangu Enock ni mpiga picha, au alikuwa, mpaka Lwitiko alipokuja kutoka Mbeya akafungua studio ya picha za rangi karibu na stendi. Tangu hapo hakuna mtu Sumbawanga nzima aliyetaka tena kuonekana kijivu. Enock akabaki na kamera yake, sanduku la filamu za zamani, na mimi.

Mwanamume asiye na kazi ni kama kiti cha ziada nyumbani, kila ukipita unajikwaa. Nikamwambia atafute la kufanya. Nilikuwa na maana ya shamba. Yeye akatafuta mabua.

Haukupita muda akawa amejenga mtaa wetu wa zamani juu ya meza yangu ya chakula. Kuta zilikuwa maboksi aliyoyakandika udongo, milango ilikuwa mabua, na mabati ni kopo la maziwa alilolikata akalikunjakunja kwa meno ya kitana changu. Vumbi la barabarani lilikuwa majivu ya jikoni, ameyachekecha kwa chujio langu la chai. Katikati akaweka duka la ushirika, lile lililofungwa ambalo sasa ni baa. Mbele ya mlango akapanga foleni.

Hapa niwaeleze watoto wa siku hizi, wanaodhani sukari iliuzwa kila kona tangu enzi za Adamu. Wakati wa uhaba hatukusimama foleni. Nani angesimama siku nzima kusubiri lori ambalo labda hata halijatoka Mbeya? Ulichukua jiwe lako, ukaliweka kwenye mstari, ukaenda shamba. Jiwe lilikuwa wewe. Kulitoa jiwe la mtu ilikuwa sawasawa na kumtoa mwenyewe kwa kumvuta shati. Basi Enock naye akapanga kokoto.

Akaibeba meza mpaka uani asubuhi jua likiwa bado la upole, akainama mpaka kamera ikawa usawa wa baraza la lile duka, nyuma yake Milima ya Mbizi yenyewe na mawingu yenyewe. Picha ilipotoka, Yesu na Maria, nilishika mdomo. Ulikuwa mji wetu ule ule. Akaitundika kwa Nikodemo kinyozi.

"Hii uliipiga mwaka gani?" watu wakamuuliza.

"Jumanne," Enock akajibu.

Wakacheka, maana wanamjua kwa utani. Kisha wakainama kutafuta mawe yao, na wakayapata! Mzee Adriano alionyesha lake, la pili kutoka mlangoni, akaapa kwamba analijua kwa ile kona. Mama mmoja wa Muze akasema hapana, la pili lilikuwa lake, na Adriano ni mwongo tangu ujana. Nusura watu wazima washikane mashati kwa kokoto nilizozifagia mimi mwenyewe mlangoni mwa choo.

Ningecheka sana, tatizo ni kwamba nami nilikuwa nimelitafuta langu.

"Langu liko wapi?" nilimuuliza Enock.

"Mama Otilia, hizo ni kokoto."

"Najua ni kokoto. Langu liko wapi?"

Alijua ninachosema. Juni ya mwaka themanini na mbili mama yangu alifariki, na siku hiyo hiyo ikasikika kwamba duka linaletewa bafta nyeupe. Sanda hatukuwa nayo. Nikaenda nikaweka jiwe langu, la kijivu lenye mstari mweupe, likawa la tatu. Nikarudi msibani. Bafta iliyoletwa ilitosha watu watatu. Nilipofika, jiwe langu halikuwepo kwenye mstari, na Debora, mwanamke aliyekuwa ndiyo kwanza amehamia kutoka Wampembe, alikuwa anatoka dukani na kipande cha mwisho kwapani. Nikageuka, nikaondoka. Mtu mwenye maiti ndani hagombani dukani. Mama yangu, ambaye hakupenda hata doa kwenye kitambaa chake cha kichwa, tulimzika na shuka la kuazima, la maua mekundu. Iliniuma, na mpaka leo inaniuma.

Sasa Mungu naye ana mambo yake. Katika vijana wote wa Ufipa, binti yangu Otilia akampenda Flavian, mtoto wa huyo huyo Debora, kijana anayefuata dagaa Kirando. Mshenga wao, mzee Polikarp, alikuja mara mbili, nikamrudisha mara mbili. Sababu sikutoa. Otilia akaacha kula mezani na sisi, ingawa kusema kweli meza yenyewe ilikuwa imejaa mji. Enock akaniambia navunja ndoa ya mtoto kwa sababu ya jiwe. Nikamwambia si jiwe, ni mama.

Ile picha ndiyo iliyonipa akili. Nikamlazimisha Enock aweke jiwe langu mahali pake, la tatu, na mstari mweupe auchore kwa chokaa, kisha apige upya. Halafu nikatuma salamu kwa Debora kwamba aje na mwanawe tuyamalize. Nia yangu ilikuwa kumwekea picha mbele ya macho nimwambie, haya, nionyeshe jiwe lako, kisha nionyeshe mkono uliolitoa langu. Maneno nilishayapanga. Posa ingefia hapo hapo, na binti yangu angenisamehe akizeeka.

Wakaja Jumapili baada ya misa. Flavian akaniamkia shikamoo kwa adabu zote, na Debora alikuja na kuku. Nikawapa chai, maana hata adui hunywa chai, nikaweka picha kwenye stuli. Kabla sijafungua mdomo, kijana akaichukua.

"Aisee! Baba, umepatia," akamwambia Enock. "Ila hapa umekosea kidogo. Hili jiwe lenye mstari mweupe halikuwa hapa. Lilikuwa pale pembeni, ukutani."

Nikashusha kikombe.

"Umejuaje?" Enock akamuuliza.

"Si nililikalia mimi! Nilikuwa na miaka sita. Mama alikuwa na homa, akanituma nimshikie nafasi, nisiondoke mpaka aje. Upepo wa baridi ulikuwa unakata. Nikaliona lile liko bapa, nikalivuta mpaka ukutani, nikakaa."

"Na hukujua kama ni la mtu?" Sauti ilikuwa yangu, lakini sikuitambua.

"Ningejuaje, mama? Ndiyo kwanza tulikuwa tumetoka Wampembe. Kule hata duka hakuna, foleni ya mawe ningeijulia wapi? Nilidhani ni mawe."

Hasira yangu ya miaka kumi na tano ikasimama katikati ya chumba, haina pa kukaa. Nikamtazama Debora. Alikuwa anapuliza chai, hana habari. Nilitaka kupiga kelele, nikajikuta nalia. Nikawaeleza yote, mama, bafta, na lile shuka la maua.

Debora akaweka kikombe chini.

"Mama Otilia, ile bafta nilinunua ya mapazia."

"Mapazia?"

"Mapazia. Tulipanga chumba kina madirisha mawili." Akanishika mkono. "Jamani, si ungeniita tu pale nje? Ningekupa yote."

Hapo nililia kuliko nilivyolia msibani kwenyewe. Flavian alikuwa ameshapiga magoti sakafuni, anaomba msamaha, hajui aanzie wapi.

"Ulikuwa umevaa nini?" nikamuuliza.

"Mimi?"

"Siku ile. Ulikuwa umevaa nini?"

"Kaptula, mama. Na shati."

"Na sweta?"

"Sweta lingetoka wapi, mama? Maduka yalikuwa matupu."

Nikamwambia anyanyuke, chai inapoa. Nikamwambia Enock akamwambie mzee Polikarp arudi kesho, na safari hii atakula. Otilia, aliyekuwa anasikiliza nyuma ya mlango, kitu ambacho hatukumlea afanye, akapiga kigelegele. Nikamkaripia, kisha nikamkumbatia.

Walipoondoka nikamwambia Enock picha imekosewa, airudie. Jiwe liende ukutani, na juu yake akae mtoto.

"Mtoto wa nini?"

"Wa udongo."

"Mama Otilia, hapa ni Sumbawanga. Nikifinyanga mtu nikamweka mezani, majirani watakuja kuniuliza ni nani na ameanza kuumwa lini."

"Waje."

Akachukua udongo, akakaa dirishani. Kilipokauka kilikuwa kitoto cha urefu wa ukucha, kimejikunyata, kina kaptula na shati. Kwa kweli mume wangu ana mkono.

"Bado sweta," nikasema.

"Lakini mwenyewe amesema hakuwa na..."

"Nimemsikia alichosema. Mvalishe sweta."