Titi Jipya la Mama Pacha

Tangu akatwe titi la kushoto kwa sababu ya saratani, Mama Pacha alisuka wateja wake akiwa amejitenga kidogo, vichwa vyao visije vikamgusa kifua. Saluni ilijaa soga kama kawaida, naye alicheka na kila mtu. Lakini chumbani, akibadilisha nguo, alimpa mumewe mgongo.

Vipimo vilipoonyesha kuwa saratani imekwisha, daktari wa upasuaji, mama mmoja mwenye sauti ya taratibu, alimweleza kuhusu njia mpya iliyokuwa bado kwenye majaribio. Akamwekea kiganjani kitu cheupe, chepesi, chenye matundu kama sega la nyuki.

"Hiki ni kiunzi tu," alisema. "Tunakiweka chini ya ngozi, tunakijaza mafuta tutakayoyanyonya tumboni mwako. Mishipa ya damu ikiota humo, mafuta yanashika na kuwa sehemu ya mwili. Kiunzi chenyewe kinayeyuka polepole, linabaki titi lako mwenyewe."

"Yasiposhika?"

"Tutakitoa. Sikufichi, linaweza kutokea."

Wifi yake, aliyemsindikiza, alikuwa anamtazama tumboni. "Kumbe hilo tumbo unalolilalamikia kila siku lilikuwa akiba, wifi."

Daktari alicheka mpaka akavua miwani.

Nyumbani, mume alisikiliza mpaka mwisho. "Mimi sijapungukiwa na kitu, mke wangu. Lakini kama unalitaka, niko nyuma yako."

"Nalitaka," alisema Mama Pacha, na hapo ndipo na yeye alipojua kwamba analitaka kweli.

Upasuaji ulikwenda salama. Ila kifua kilivimba, kikawa kigumu kama ubao, na kila asubuhi alikigusa kwa ncha ya kidole, moyo juu juu. Je, kuna kitu kinachoota humo, au amebeba plastiki tu?

Siku ya kupimwa alilala chali, daktari akampaka mafuta ya baridi na kupitisha kifaa juu ya titi. Kwenye skrini palikuwa na ukungu wa kijivu. Kisha vikatokea vidoa vyekundu na vya buluu, vikiwaka na kuzimika. Daktari akabonyeza kitufe, chumba kikajaa mlio: shwaa, shwaa, shwaa.

"Nini hicho?"

"Damu yako. Imejitengenezea njia."

Machozi yalimtiririka Mama Pacha mpaka masikioni.

"Sasa unalia nini?" aliuliza wifi, naye akijifuta macho.

"Hata sijui. Ongeza sauti kidogo, daktari."

Baadaye akakawia nyuma ya pazia alipokuwa akivaa. Wifi akamwita mara mbili.

"Subiri bwana, namkaribisha mgeni."

Alipotoka, blauzi imefungwa vishikizo kombo na uso unang'aa, alimkuta wifi amemganda daktari, anataka kujua kama na yeye anaruhusiwa kuchangia tumbo.