Namba Tisa Katika Daftari la Wageni

Saa kumi na nusu alasiri Metrine Nafula alifungua daftari jipya la wageni kwenye mlango wa ukumbi wa michezo wa chuo, kwa sababu la zamani lilikuwa limejaa. Alichora mistari kwa rula: jina, namba ya kitambulisho, saa ya kuingia, sahihi, saa ya kutoka. Ilikuwa Jumapili ya mwisho ya Oktoba 2007. Nje, barabara ya kuelekea Al Rigga ilikuwa imechimbuliwa kupisha reli, na vumbi lilipenya hadi chini ya mlango. Kampuni ya ulinzi iliyomtoa Kenya na kumleta Uarabuni ilikuwa imemfundisha mambo mengi kwa siku mbili, lakini msimamizi alisisitiza moja tu: kila anayepita mlangoni anaandikwa, awe mkurugenzi au fundi wa kiyoyozi. Asiyeandikwa hakuja. Aliyeandikwa yupo.

Wa kwanza katika daftari hilo alikuwa kocha mpya wa timu ya mpira wa kikapu. Alijiandika mwenyewe kwa herufi kubwa, FRANCIS LUBANGA, akarudisha kalamu bila kumtazama mlinzi usoni. Metrine alimtazama vizuri sana, kwa sababu alimjua.

Miaka mitatu na miezi kadhaa nyuma, katika chuo kimoja huko kwao, Francis Lubanga alikuwa amewakimbiza wachezaji wake mstari hadi mstari, saa saba mchana, mwezi wa Februari, kwa kosa la kufungwa mechi. Yeye aliketi juu ya mtungi wa maji wa lita ishirini, ule wa plastiki ya njano, na aliyeomba maji aliongezewa mizunguko. Tonny, mdogo wake Metrine, mvaa jezi namba tisa, aliomba mara tatu. Alikuwa na miaka ishirini. Walimzika Jumamosi, kocha akafukuzwa kazi Jumatatu, na hiyo ndiyo adhabu yote aliyopata.

Sasa picha yake ilikuwa kwenye ubao wa matangazo, anatabasamu, amekunja mikono kifuani. Chini ya picha chuo kilikuwa kimeandika kwamba kinaamini katika nafasi ya pili, kwamba Kocha Francis alipitia kipindi kigumu nchini kwake, na kwamba baada ya miezi mitatu ya majaribio kamati ingeamua kama atapewa mkataba kamili. Metrine aliyasoma maneno hayo akiwa amesimama. Kipindi kigumu! Hasira ilimpanda hadi masikio yakawa ya moto. Alitaka kitu kimoja tu duniani: mtu huyo asikabidhiwe tena mtoto wa mtu.

Kesho yake, wakati wa chakula, aliandika barua ya kurasa mbili akaipeleka kwa Madam Huda, afisa wa wafanyakazi. Madam Huda aliigonga muhuri wa kupokelewa na kusema itasomwa siku kamati itakapokaa.

Jumanne, saa kumi na moja kasoro dakika tano, Tonny aliingia. Alikuwa na jezi yake ya njano na raba zake nyeupe, zimejaa udongo mwekundu wa uwanja wa nyumbani. Midomo yake ilikuwa imepasuka.

"Vipi, dada," alisema.

"Poa. Umefikaje huku?"

"Nimekuja tu. Niko na kiu."

"Jiandikishe kwanza."

Hakuwa na kitambulisho chochote. Metrine, ambaye hakuwahi kuacha safu wazi tangu aanze kazi, aliandika hapo namba ya cheti cha kifo. Aliijua kwa moyo, kwani yeye na mama yao walikuwa wameipangia foleni siku tatu. Tonny alitia sahihi, akaenda moja kwa moja kwenye mashine ya maji, akakinga mdomo chini ya bomba na kumaliza chupa nzima ya galoni tano. Kisha akagonga ile chupa tupu kwa kidole na kusubiri.

Sammy, nahodha wa timu, kijana wa Kampala mwenye mikono mirefu, alimsaidia kupachika chupa nyingine. "Ndugu yangu, wewe una kiu," alimwambia, akarudi kufanya mazoezi ya kurusha.

Kocha Francis alimwona. Alitazama saa yake ya mkononi. "Namba tisa, umechelewa," alisema, akapuliza filimbi na kuendelea na mambo mengine.

Kuanzia siku hiyo Tonny alikuja kila siku ya mazoezi na kunywa chupa nane. Gari la maji, ambalo zamani lilikuja Jumapili na Jumatano, likaanza kuja kila siku. Mfagiaji alizoa udongo mwekundu kutoka mlangoni hadi kwenye mashine, akauliza kama huyo kijana hawezi kujipangusa viatu kwenye zulia, na Metrine akasema atamwambia. Midomo haikupona. Mazoezi yakiisha alitoka na wenzake, akiandikwa saa ya kutoka kama wao, na kila alipofika kwenye mashimo ya reli hakuonekana tena.

Ijumaa, kutoka kwenye chumba cha mtaa wa Karama alichopanga na wasichana saba, Metrine alinunua kadi ya simu akampigia mama yake.

"Mama, Tonny amefika huku."

"Amekonda?"

"Kidogo."

Kadi ilikuwa inakwisha. "Kaburi lilibonyea juzi," alisema. "Nikadhani ni fuko. Mwambie akishakunywa aje na nyumbani pia, hata kama ni siku moja."

Metrine alimfikishia ujumbe. Tonny alisema atakwenda, lakini kwanza kiu iishe.

Kamati ilikaa mwisho wa Januari, katika chumba chenye meza ndefu na sahani ya tende. Mwenyekiti alikuwa mkurugenzi, Sir Muhanna, ambaye bibi yake alizaliwa Unguja na kumwachia Kiswahili laini. Pembeni yake alikaa Madam Huda na jalada lake. Kocha Francis alikuwa amevaa tai. Metrine aliingia na mdogo wake mkono mmoja na daftari la wageni mkono wa pili. Wiki nzima alikuwa na furaha kali ya mtu mwenye hasira aliyepata shahidi. Ni kesi ngapi za namna hii ambazo marehemu mwenyewe anakuja kusema?

"Karibuni, kaeni kitako," alisema Sir Muhanna. "Kijana, hebu tueleze."

Madam Huda alisogeza jagi. Tonny alilimaliza ndipo akasema. "Kocha alikaa juu ya mtungi. Niliomba maji mara tatu. Mara ya tatu akaniongezea mizunguko kumi. Nilianguka nikimaliza wa sita."

"Kwa hiyo minne ilibaki," alisema Kocha Francis, kwa upole, kama anayemsaidia kukumbuka.

"Minne, ndiyo."

Kocha alipewa nafasi ya kusema. Alitoa leso. Alisema wakati ule alikuwa mkali kwa sababu alipenda ushindi, kwamba miaka mitatu ya kukaa bila timu ilimfundisha unyenyekevu, kwamba amesali sana. Alisema mengi juu ya jinsi alivyoumia yeye. Jina la Tonny hakulitaja hata mara moja, ingawa Tonny alikuwa amekaa kiti cha pili kutoka kwake na magoti yao yalikuwa karibu kugusana. Sir Muhanna alitikisa kichwa kwa huruma, akamsogezea tende. Watu wenye vyeo wana moyo mkunjufu ajabu katika kusamehe yaliyowapata wengine.

"Metrine, mwanangu," alisema Sir Muhanna, "barua yako inasema kocha huyu alimuua ndugu yako."

"Ndiyo, sir."

"Huyu hapa."

"Ndiyo, sir. Ndiye huyo."

Madam Huda alivuta daftari, akalipekua kwa kalamu, safu baada ya safu. "Amehudhuria mara arobaini na moja," alisema. "Kila siku amesaini mwenyewe. Mwandiko ni mmoja. Hii namba ya kitambulisho ni ya nini?"

"Ya cheti chake cha kifo, madam."

"Na mwenye cheti alikuwa amesimama mbele yako ukiandika?"

"Ndiyo, madam."

"Basi cheti kina makosa. Wamekosea huko kwenu."

"Hakina makosa! Sisi tulimzika, madam. Mimi nilimvisha hizi raba."

"Unaandika uongo kwenye daftari la chuo?"

Metrine alifungua mdomo. Katika kazi yake hapakuwa na kosa kubwa kuliko hilo, na visa yake ilikuwa mkononi mwa kampuni. Lakini hakunyamaza kwa sababu ya visa. Alinyamaza kwa sababu kila mstari katika daftari lile ulikuwa wa kweli, na aliuandika yeye.

"Mtu aliyekufa hatii sahihi mara arobaini na moja," alisema Sir Muhanna bila ukali. "Kama kijana yupo, hakuna aliyeuawa. Tutamnyimaje mwenzetu nafasi ya pili kwa jambo ambalo halikutokea? Khalas, yamekwisha. Mkataba miaka mitatu, inshallah." Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, aliagiza Tonny asitozwe ada ya kadi ya mgeni.

Jumapili iliyofuata, saa kumi na moja kasoro dakika tano, Metrine alisimama mlangoni na kuliziba daftari kwa viganja viwili.

"Leo sikuandiki, Tonny. Nikikuandika, wanasema uko hai. Wakisema uko hai, yeye ni mtu safi."

"Sawa, dada."

"Rudi nyumbani. Mama anakungoja."

"Sawa." Hakuondoka. Alikaa nje kwenye ngazi, juani, akiulamba ule ufa wa mdomo wa chini. Hakulalamika. Ndani, mashine ya maji ilikuwa ikitoa mapovu. Metrine alihesabu dakika ishirini, akimlaani kocha, akimlaani Sir Muhanna na tende zake, akijilaani yeye mwenyewe na rula yake. Kisha akafungua mlango.

"Njoo," alisema, na kuandika.

Mwezi wa Mei timu ilifungwa na chuo cha Sharjah kwa pointi thelathini. Kocha Francis hakupiga kelele. Siku ya mazoezi alizima kiyoyozi ili vijana wazoee, akachukua chupa pekee iliyokuwa imebaki, akailaza chini kando ya uwanja na kuketi juu yake.

"Mstarini," alisema.

Walikimbia. Jasho lilichora vijito sakafuni. Tonny alifika, akajiandikisha, akaenda kwenye mashine akaikuta tupu. Aligonga bomba kwa kidole, akageuka kumtazama kocha.

"Namba tisa," alisema Kocha Francis, "una mizunguko yako minne."

Metrine alisikia kutoka mlangoni. "Usiende!" alipiga kelele. Lakini Tonny alikuwa mchezaji wa kikapu tangu kidato cha kwanza, na mchezaji akiitwa mstarini huenda. Alikimbia minne. Raba zake ziliacha udongo mwekundu kila alipogeuka. Alipomaliza, kocha alisema aendelee, naye akaendelea.

"Kocha, naomba maji," alisema Sammy.

"Mnamwona namba tisa? Haombi. Ongeza kumi."

Metrine aliacha mlango bila mlinzi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaingia uwanjani na chupa yake mwenyewe ya maji. Kocha alinyoosha mguu kumzuia, akamwambia akitoa hata tone ataipigia simu kampuni yake, yalla, arudi mlangoni. Metrine alimruka. Sammy alikuwa kwenye mzunguko wa saba. Alimwona Metrine akija na kunyoosha ile mikono yake mirefu, na maji yakamwagika yote kifuani mwake, kwa sababu alikuwa ameshaanguka.

Gari la wagonjwa lilikwama robo saa kwenye mashimo ya reli. Kocha Francis alitoka saa moja kamili na kusaini kwa herufi kubwa. Kesho yake chuo kilibandika tangazo la masikitiko, na la pili chini yake, lililosema kamati itakaa kumsikiliza kocha, kwa kuwa si haki kumhukumu mtu kwa haraka. Kampuni ilimpa Metrine onyo la maandishi kwa kuacha lindo.

Jumapili alichora mistari kwenye ukurasa mpya. Chini ya meza alikuwa ameficha mitungi miwili ya maji aliyoibeba kutoka Karama kwa basi. Kocha aliingia, akasaini, akapita. Saa kumi na moja kasoro dakika tano Tonny aliingia, na nyuma yake akaingia Sammy, jezi imelowa kifuani, midomo imepasuka.

"Dada," alisema Sammy, "niko na kiu."

Kutoka uwanjani kocha alitazama saa yake. "Mmechelewa," alisema.

Metrine alishika kalamu hadi vidole vikamuuma. Alijua Madam Huda angekuja kuchukua daftari Alhamisi alipeleke kwenye kamati. Sammy alikuwa amesimama mbele yake, macho yakiwa kwenye mitungi, anasubiri kwa adabu. Metrine aliandika jina. Aliandika saa ya kuingia. Safu ya kitambulisho aliiacha wazi, kwa sababu cheti cha Sammy kilikuwa bado hakijatoka.